Apt ikikuuliza Y au N, usikimbilie Y

Swali: Nina seva ya Ubuntu yenye Nginx (programu inayohudumia tovuti) na hifadhidata ya PostgreSQL. Juzi niliandika `apt upgrade`, amri ya kusasisha programu zote, katikati ikaniuliza kuhusu `nginx.conf`, faili la mipangilio ya Nginx, nikabonyeza Y. Tovuti ikalala papo hapo. Je, bora niache kusasisha?

Jibu: Usiache. Tuanze na tovuti, maana kazi yako haijapotea. Kwa ile Y ulikubali faili la mipangilio lililokuja na kifurushi lichukue nafasi ya lile ulilolihariri, lakini lako halikufutwa, lilibandikwa mkia tu. Andika `ls /etc/nginx` utaliona: `nginx.conf.dpkg-old`. Yalinganishe mawili hayo kwa `diff`, rudisha mistari yako, kisha kagua mipangilio kwa `nginx -t`. Isipolalamika, washa kwa `systemctl restart nginx`.

Siku nyingine swali hilo likija, bonyeza D kwanza. Utaoneshwa tofauti mstari kwa mstari: wenye alama ya kutoa ni wako, wa kujumlisha ni mpya. Mimi karibu kila mara huishia kujibu N, ambayo ndiyo unayoipata hata ukibonyeza Enter tu. Faili jipya huwekwa kando kwa mkia `.dpkg-dist`, nikalisoma nikiwa nimetulia.

Kabla ya hapo, `apt update` haisakinishi kitu, husoma orodha tu. Fuatisha `apt -s upgrade`, inayoigiza zoezi zima bila kugusa chochote. Hifadhidata itolee nakala kwa `pg_dumpall`, ikae nje ya seva hiyo, na ujaribu kuirejesha kwenye mashine nyingine. Haya yote nayafanya ndani ya `tmux`, programu inayoacha kazi iendelee kwenye seva hata mtandao wako ukikatika. Niliwahi kukatikiwa mtandao vifurushi vikiwa nusu, nikakesha na `dpkg --configure -a`, amri ya kumalizia vifurushi vilivyoachwa njiani.

Jambo linalosahaulika sana ni la baada ya kusasisha. Mwaka 2014, kasoro ya usalama ya Heartbleed ilipogunduliwa kwenye OpenSSL, maktaba ya usimbaji inayotumiwa na programu nyingi, kusakinisha toleo lililorekebishwa hakukutosha. Nginx iliyokuwa tayari inakimbia iliendelea kutumia maktaba ya zamani iliyo kwenye kumbukumbu, na tundu likabaki wazi mpaka iwashwe upya. Kwa hiyo ukimaliza, endesha `needrestart` ikuoneshe huduma zilizobaki na maktaba za zamani. Na ukikuta faili `/var/run/reboot-required`, tafuta saa yenye wageni wachache uiwashe upya seva nzima.