James VI hakutawazwa ndani ya ngome ya Stirling
Umesema James VI, mfalme wa Uskoti, alitawazwa ndani ya ngome ya mji wa Stirling; hapana, si ngomeni. James VI alivishwa taji katika kanisa la parokia la Holy Rude, chini kidogo ya ngome, tarehe 29 Julai 1567. Alikuwa na miezi 13 tu, na John Knox, kiongozi wa Waprotestanti wa Uskoti, ndiye aliyehubiri. Nadhani unamchanganya na mama yake, Mary: yeye ndiye aliyetawazwa kwenye kanisa dogo la ngome, mwaka 1543.

Ila ukiona picha za ndani ya kanisa la Holy Rude, usidhani lilikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1656 waumini waligombana hadi ukajengwa ukuta katikati, yakawa makanisa mawili chini ya paa moja, na ukuta huo uliondolewa kwenye ukarabati wa miaka ya 1930.