Umekabidhiwa watoto 40 wa kambi uwafundishe maigizo? Soma kwanza yaliyonikuta mimi

Juzi usiku nilipata ujumbe wa mwalimu mmoja kijana. Simfahamu, namba yangu amepewa na mtu. Alianza na shikamoo, kisha akaingia moja kwa moja: amepewa watoto 40 kwenye kambi ya likizo, wiki mbili, awafundishe sanaa za maonyesho, siku ya mwisho wazazi wanakuja kutazama. Anaomba nimtumie muswada mfupi mzuri wa igizo.

Marahaba, mdogo wangu. Miswada ninayo, daftari zima. Sikukutumia hata mmoja, na nimeona heri niandike hapa kuliko kukujibu kwa sauti ya dakika saba kwenye simu, maana kila Juni na Desemba shule zikifungwa maombi ya namna hii hunijia mfululizo. Nyote mnataka kitu kimoja: watoto wasimame vizuri jukwaani na wazazi wapige makofi. Hata mimi nilikitaka hicho hicho, na kilinigharimu.

Nimesoma Bagamoyo. Chuo kile kilianza mwaka 1981, siku hizi kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, na aliyepita pale anajua maana ya kupiga ngoma mpaka viganja vinaota sugu. Nilitoka na cheti na kujiamini kwingi. Kazi ya kwanza niliyoipata ilikuwa ya kambi ya Desemba, siku 12, watoto 34. Mdogo kabisa alikuwa na miaka 7, mkubwa 16, na wote nikawaweka kundi moja. Niliandika igizo la kurasa 18 kuhusu mfalme mchoyo, nikatoa nakala kwa pesa yangu, nikazigawa asubuhi ya kwanza kabla sijajua majina yao. Nikawaambia kesho kila mtu aje amekariri ukurasa wake.

Siku zilizofuata sina la kusimulia. Ni kukariri, kusahau na kukaripiwa.

Siku ya wazazi ikafika. Turubai limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, spika mbili kubwa, kipaza sauti kimesimamishwa mbele. Nafasi ya binti mfalme nilimpa mtoto wa miaka 9, kwa sababu alikuwa anasoma vizuri kuwapita wote. Akatoka, akasema sentensi ya kwanza, akasema ya pili. Ya tatu ikagoma. Mimi niko nyuma ya pazia, ninamwona ubavuni. Alikuwa amejifunga khanga kama vazi la kifalme, akaanza kuizungusha ncha yake kwenye kidole cha shahada, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka ncha ya kidole ikabadilika rangi. Nikamnong'oneza maneno. Kipaza sauti kikanasa sauti yangu na uwanja mzima ukasikia. Watu wakacheka. Sidhani walicheka kwa ubaya, lakini mtoto wa miaka 9 hajui kicheko cha aina hiyo na cha aina ile. Akageuka akanitazama. Halafu akakaa chini palepale, akajifunika uso na khanga.

Wenzake walibaki wamesimama kama miti. Walijua maneno yao, hawakujua la kufanya, kwa sababu hakuna ukurasa wangu hata mmoja ulioandika kwamba binti mfalme atakaa chini. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi miezi kadhaa. Watoto 34, siku 12, na hakuna aliyejifunza kumwokoa mwenzake jukwaani. Mmoja tu angeinama akamuuliza, "Binti mfalme, unaumwa?" igizo lingeendelea.

Mama yake alikuja kumchukua. Hakunigombeza. Alisema, "Mwalimu, huyu nyumbani alikuwa anapenda sana kuigiza." Alikuwa anapenda. Neno hilo ninalo mpaka leo. Natamani siku moja nikutane na binti huyo nimwombe radhi, sasa atakuwa mtu mzima.

Likizo iliyofuata sikuitwa. Nilisikia kwa mwenzangu kwamba amechukuliwa mwalimu mwingine na mazoezi yameshaanza. Wenye kambi hawakunipigia hata simu ya kuniambia tulichokosea, na nusu ya malipo yangu haikuja. Nimesamehe, lakini sijasahau. Ukimwajiri mwalimu kijana akakosea, mwite, mkae, mwambie. Usimwache ajue kwa kusikia barabarani.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilichopaswa kufanya nilikuwa ninakijua. Darasani tulisoma habari za Malya, kule Mwanza, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1980 wasanii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama akiwa miongoni mwao, walikaa kwanza na wanakijiji wakawaacha waseme shida yao ni nini. Likatoka suala la mimba za wasichana wa shule, na ngoma na maigizo vikajengwa juu ya hilo. Tulisoma pia TUSEME, mradi ulioanza mwaka 1996, Mlama na Amandina Lihamba wakiwa waasisi wake, wa kuwapa wasichana wa sekondari nafasi ya kuyasema yanayowasibu kwa njia ya sanaa. Nilijibu maswali ya mtihani juu ya mambo haya na nikafaulu. Kisha nikaenda kambini nikawabebesha watoto mfalme wangu.

Kwa hiyo mdogo wangu, ushauri wangu wa kwanza na wa pili ni huu: anza na michezo. Siku tatu za mwanzo usitaje igizo kabisa. Cheza nao nyama nyama. Wanaijua tangu chekechea, na hakuna zoezi la kusikiliza linaloizidi, kwa sababu mtoto akiruka kwa mazoea badala ya kusikia mnyama aliyetajwa, ametoka. Ugonjwa mkubwa wa mwigizaji mchanga ni kusubiri zamu yake ya kusema huku hasikii mwenzake anasema nini. Nyama nyama inautibu. Wakishazoea, mpe mtoto mwenye sauti ndogo awe kiongozi. Kundi zima litalazimika kunyamaza ili limsikie, naye kwa mara ya kwanza ataona watu 20 wamekodoa macho wakisubiri neno lake.

Wagawe kwa umri, tafadhali. Wa miaka 7 mpaka 10 peke yao, na usiwaweke zaidi ya dakika 40 bila kuwabadilishia. Hawa hawana aibu. Ukiwaambia huu ni msitu, ni msitu. Wape hadithi nusu, "paukwa", waitikie, ufike katikati ukate, uwaulize fisi alifanya nini. Wakikujibu, usiwaache waseme kwa mdomo tu, waambie wasimame wakuonyeshe. Hapo igizo limeshaanza na hujagawa karatasi.

Wa miaka 13 na kuendelea ni kazi nyingine. Sauti ya mvulana inavunjika, msichana anajiona kila mtu anamtazama, na kweli wanatazamana. Usimsimamishe mmoja mbele ya wengine siku ya kwanza. Wafanye wote kwa pamoja ili asiwepo mtazamaji. Mimi hutumia kioo: wawili wawili wanatazamana, mmoja anasogeza mkono polepole, mwenzake anamfuata kama kivuli, baadaye wanabadilishana bila kuambiana. Dakika tano za mwanzo ni kucheka. Waache wacheke. Halafu kinakuja kimya, na ukikisikia kimya hicho ujue umeshawapata. Na weka sharti kabla ya yote: hakuna kuigiza kilema, lafudhi wala mwili wa mwenzako, na hakuna kumshika mtu bila kumuuliza.

Sauti nayo isikusumbue. Usiwapigie kelele wapaze sauti, maana watabanwa koo na kesho wamekauka. Mweke mtoto chini ya mwembe, mwenzake aende mpaka ukutani, waambie wapeane habari ya siri bila kupiga ukelele. Watavuta pumzi kutoka tumboni wenyewe.

Sasa nisimulie ya Juni hii, ndiyo iliyonipa nguvu ya kuandika. Nilikuwa na vijana 19 wa sekondari. Siku ya nne niliwauliza swali moja: wiki iliyopita ni kitu gani kilikufanya ujione huna thamani? Nilidhani watataja mitihani. Wakataja daladala. Kila mmoja ana kisa cha konda aliyemzuia mlangoni kwa sababu ni mwanafunzi na analipa nauli ndogo, au cha kunyanyuliwa kwenye kiti ampishe mtu mzima aliyelipa nauli kamili.

Tukachukua mabenchi sita tukayapanga. Kijana mmoja, ambaye siku tatu nzima hakuwa amesema neno, akawa konda. Hakuna aliyemfundisha. Alisimama kwenye ncha ya benchi kwa mguu mmoja, mwingine unaning'inia hewani, mkono wa kushoto umeshika bomba lisilokuwepo, noti amezikunja kwa urefu katikati ya vidole, akapiga ubao kwa kiganja mara mbili, na basi zima likayumba kwenda mbele. Wote 19 waliyumba kwa wakati mmoja. Nilisisimkwa mwili. Mwaka ule wa mfalme mchoyo sikupata nusu dakika ya namna hiyo.

Siku ya wazazi hatukuwa na muswada. Tulitumia namna ya Mbrazili Augusto Boal: igizo linachezwa mara moja mpaka mwisho wake mchungu, kisha linarudiwa, na mtazamaji yeyote anaweza kusema simama, akapanda, akachukua nafasi ya mhusika na kujaribu kufanya tofauti. Mama mmoja akapanda akawa mwanafunzi, akajaribu kubembeleza. Ikashindikana. Kijana mwingine akajaribu ubabe. Akashushwa. Ndipo akanyanyuka dereva wa basi la kambi, mzee wa makamo aliyekuwa amekaa nyuma kabisa. Akasema simama, akaomba nafasi ya konda. Akapanda benchi lile. Binti aliyekuwa mwanafunzi akamwambia, "Anko, mbona unatuacha kila siku?" Mzee akakaa kimya kidogo, akatoa noti mfukoni mwake mwenyewe, akaanza kuzihesabu mbele ya watu: hii ya mafuta, hii hesabu ya bosi, hii ya dereva, hii yangu. Ya mwisho haikuwepo. Akamwonyesha kiganja kitupu.

Yule binti hakuwa amekariri chochote. Alikitazama kiganja kile, kisha akasogea kwenye benchi akamwachia mzee nafasi akae. Wakakaa wawili wakizungumza habari ya nauli kama watu wanaosafiri pamoja, na vijana wangu wote wakabaki ndani ya basi, wanayumba taratibu, hakuna aliyetoka kwenye uhusika.

Hayo ndiyo ninayoyataka kwa kila mtoto anayeletwa kambini. Wazazi, nawaomba: mtoto si redio umwashe mbele ya wageni atoe maneno. Mkija siku ile wekeni simu mfukoni, mtazameni kwa macho. Wenye kambi, msimpe mwalimu siku 12 halafu mkadai onyesho la muda wa saa mbili. Na walimu wenzangu, kabla hujamlaumu mtoto kwa kusahau maneno, jiulize maneno hayo yalikuwa ya nani. Kama ni yako, wewe ndiye uliyempa mzigo. Anza na michezo, nimesema, na narudia, anza na michezo.

Uliniuliza pia kama ununue maleba, yaani mavazi ya kuigizia. Usinunue. Omba khanga sita kwa kina mama wa jirani, ndoo mbili, kamba na mabenchi, vinatosha wiki mbili. Kipaza sauti kikileta ubishi kiondoe, viti vya wazazi visogezwe karibu. Kambi yako inaanza Jumatatu, kwa hiyo Jumapili nitumie umri wa watoto na picha ya uwanja, nione kama una kivuli cha kutosha cha makundi mawili.