Kutoelewa andiko si kukosa imani
Dada yangu wa Masasi, umeuliza kama kusoma Warumi 9 bila kuelewa ni dalili ya imani haba. Hapana, hata kidogo! Petro mwenyewe, katika 2 Petro 3:16, anakiri kwamba nyaraka za Paulo zina mambo magumu kuelewa. Na katika Yohana 6, Yesu aliposema habari za kula mwili wake, wanafunzi wengi walirudi nyuma. Petro hakudai ameelewa. Alisema tu, "Bwana! Twende kwa nani?" Hapo ndipo ninaposhikilia mimi.

Ila usibaki peke yako na swali. Mwethiopia wa Matendo 8, aliyekuwa akisoma andiko bila kulielewa, alimpandisha Filipo garini amfafanulie. Lipeleke swali lako kwenye jumuiya yenu, au kwa watawa Wabenediktini wa Ndanda, si mbali na kwenu.