Wadogo zetu, siku ya mgomo si faida ya sheria

Mliopewa kukagua tathmini za athari, yaani hati zinazokadiria faida na gharama, za miswada ya kubana migomo hapa Kampala, maoni yenu tunayasoma, na kosa ni lile lile la wenzenu waliowatangulia. Tuanze na madogo.

1. Tazama tarehe kabla ya hesabu. Kule Uingereza, muswada wa kiwango cha chini kabisa cha huduma kinachopaswa kuendelea wakati wa mgomo ulifikishwa bungeni tarehe 10 Januari 2023, na Commons, baraza la wabunge wa kuchaguliwa, wakaupitisha kabla mwezi haujaisha. Regulatory Policy Committee, kamati huru ya ukaguzi, ikaipa tathmini ya muswada huo alama nyekundu, yaani haifai, Februari. Maoni makali, lakini treni ilishaondoka. Julai ikawa sheria.

2. Cheti cha athari za fedha, kile kinachoambatana na muswada ukienda bungeni, si tathmini, jamani. Sheria yetu ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2015 inataka makadirio ya mapato na matumizi ya serikali kwa miaka isiyopungua 2, na siku 60 zikipita tangu kiombwe, kinahesabiwa kimetolewa. Foleni ya wagonjwa haimo.

3. Sasa lile kubwa, ambalo tuliozeeka kwenye dawati hili hatuna uso wa kulicheka: unachukua siku zote za mgomo, unazizidisha kwa mshahara, jumla unaiita faida ya muswada. Mshahara uliokatwa umebaki hazina, haujapotea. Kilichopotea ni huduma, na hiyo ihesabiwe taratibu.

Tuseme hospitali ina wauguzi 200 na mgomo wa siku 10. Wauguzi 60 wanabaki kwenye dharura, kwa hiyo siku-kazi zilizopotea ni 1,400, si 2,000. Muswada ukipunguza mgomo hadi siku 5, umeokoa 700. Wizara inapiga makofi, nawe unagonga muhuri. Subiri! Aliyezuiwa kugoma hajaridhika. Anakuja na mgomo baridi: yupo wodini, kasaini daftari, ila kazi inakwenda kwa mwendo wa kinyonga. Wauguzi 200 wakipunguza kasi kwa moja ya tano, siku 30, zinapotea siku-kazi 1,200. Faida ya 700 imegeuka hasara ya 500, na daftari la mahudhurio halioneshi hata mtu mmoja aliyekosekana. Ndiyo maana tunadai rejista za zamu, saa za ziada na orodha za upasuaji ulioahirishwa, miezi mitatu kabla ya mgomo na mitatu baada yake. Upasuaji uliofanyika mwezi uliofuata uandike kama ucheleweshaji, usiuhesabu kuwa umepotea.

4. Uliza nani ataandika majina. Sheria ile ya Uingereza ilimtaka mwajiri aliyeitumia atoe ilani ya kazi yenye majina ya watakaobaki kazini, siku 7 kabla ya mgomo. Majina hayo hupangwa na ofisa utumishi, zamu kwa zamu, kisha muuguzi mmoja anaugua na orodha inaanza upya. Saa zake zina bei. Safu ya gharama hiyo kwenye tathmini ikija na sifuri, irudishe wizarani siku hiyohiyo.