Kwenye kabureta ya zamani, tupa mpira, tunza shaba

Jioni moja kijana wa bodaboda aliniletea kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, imeviringishwa kwenye kitambaa. "Fundi, hii tupa tu, nimeshafunga mpya." Hiyo mpya ilikuwa na wiki tatu, na tayari pikipiki ilikuwa inakunywa mafuta, plagi nyeusi tii, asubuhi haiwaki mpaka uipige mateke kumi. Na ile aliyosema nitupe ndiyo iliyokuja na pikipiki kutoka kiwandani. Nikamwomba aniachie zote mbili mpaka kesho yake. Ya zamani ndiyo anayotembelea hadi leo.

Kabureta haichakai yote kwa pamoja. Kinachokufa mapema ni mpira: oringi, gasketi ya bakuli (kikombe cha chini kinachotunza mafuta), ncha nyeusi ya sindano ya boya (boya huelea ndani ya bakuli, na sindano yake hufunga mafuta bakuli likijaa). Hivyo badilisha bila huruma. Lakini jeti za shaba, vile vipande vyenye tundu la kupitishia mafuta, zilizopimwa kiwandani usizitoe sadaka kwa sababu tu ripea kiti (pakiti ya vipuri vya kukarabatia) uliyonunua ina jeti zinazong'aa. Nimekuta jeti za kiti za bei rahisi zenye namba ileile ya jeti ya zamani, lakini ukizilinganisha kwenye mwanga tundu halilingani. Mimi huchukua mpira wa kiti, jeti zake naziacha kwenye pakiti. Kinachochakaa kwa upande wa chuma ni sindano ya slaidi (kipande kinachopanda na kushuka ukivuta mafuta) na bomba inamopita, maana hivyo husuguana muda wote injini ikitetemeka. Sindano ikiwa na alama ya kulika upande mmoja, hiyo badilisha.

Adui mkubwa wa jeti ni waya. Tunautoa kwenye breki ya baiskeli, tunausokomeza kwenye jeti ndogo, tunaona mwanga, tunaridhika. Nilifanya hivyo miaka yangu ya mwanzo na ninajuta kwa kila pikipiki niliyoiharibu. Shaba ni laini. Tundu la milimita 0.35 likipanuka kidogo likafika 0.40, eneo la kupitisha mafuta limeongezeka kwa takriban asilimia 30. Mwenye pikipiki atalalamika inakula mafuta, utahangaika na plagi na kichujio, kumbe ugonjwa umeuleta wewe. Jeti iliyoziba ilaze usiku kucha kwenye petroli safi au dawa ya kopo ya kusafishia kabureta, halafu ipige upepo. Ikigoma, tumia unywele mgumu mmoja wa brashi ya nailoni.

Ukienda kununua kabureta iliyotumika, acha kutazama ung'aavu wa nje. Ingiza slaidi, iinue nusu, itikise kwa kidole. Ikigongagonga pembeni, au ile ngozi yake ya kung'aa imeisha upande unaoelekea injini, irudishe mezani. Hewa itapita pembeni mwake na pikipiki haitakaa sailensi (kunguruma taratibu bila kuvuta mafuta) hata uweke ripea kiti ya dhahabu. Kisha tazama masikio yanayofungwa kwenye injini. Mafundi wengi hukaza nati kupita kiasi na masikio yanapinda. Weka msasa laini juu ya kioo, sugua uso wa kabureta mara chache: ukiona katikati hapajaguswa, imepinda. Ikiwa kidogo, endelea kusugua hapohapo mpaka alama ienee kote. Ndani ya bakuli angalia vile vinguzo viwili vinavyoshika pini ya boya. Ni dhaifu mno. Pini ikigoma usigonge kwa nyundo. Inyeshee dawa, subiri, isukume taratibu huku ukikinga nguzo kwa kidole. Kimoja kikikatika, bodi nzima imekwenda.

Boya la plastiki litikise karibu na sikio. Ukisikia petroli ikicheza ndani, limetoboka.

Kwenye kuosha, toa mpira wote kwanza, maana dawa ya kopo huuvimbisha. Vaa miwani, dawa ukiipulizia tundu moja hurukia usoni kutokea tundu lingine. Na hilo ndilo unalolitafuta: kila njia ipulizie, uone inatokea wapi. Usisahau vitundu vidogo kwenye sakafu ya koo la kabureta, karibu na slaidi, upande wa injini. Hivyo ndivyo vinavyolisha injini ikiwa kwenye sailensi, na ndivyo huzibwa kwanza na ule utomvu wa kahawia unaobaki petroli ikikauka. Pikipiki iliyolala miezi mitatu ikawa inawaka kwa choki tu, anzia hapo.

Kabla ya kufungua skrubu ya pembeni, inayorekebisha mchanganyiko wa mafuta na hewa, ikaze mpaka iguse taratibu huku ukihesabu mizunguko, uandike. Kama hesabu imepotea, anza na mzunguko mmoja na nusu. Iliyo upande wa kichujio cha hewa inapima hewa: ukiilegeza, mafuta yanapungua. Iliyo upande wa injini inapima mafuta: ukiilegeza, yanaongezeka. Nimeona mafundi wazoefu wakizichanganya hizi mbili, kisha wanailaumu plagi. Iliyo upande wa injini mara nyingi ina springi, washa na kioringi kidogo kuliko punje ya mtama. Kioringi hicho hubaki ndani ya tundu. Kitoe kabla hujapuliza upepo, la sivyo utakitafuta barabarani.

Sisi wa Iringa tuna jambo letu. Mji uko juu, mita 1,500 na ushei, hewa ni nyepesi. Kabureta iliyotoka Dar es Salaam ikipima vizuri, huku itatoa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo. Kabla ya kugusa jeti, hamisha klipu (kibanio kidogo) ya sindano ya slaidi ngazi moja juu ili sindano ishuke. Tembea siku mbili, fungua plagi. Ikiwa na rangi ya kahawia, imetulia. Ikiwa nyeupe kabisa, rudisha klipu haraka kabla injini haijaungua.

Ukishafunga sindano mpya ya boya, pindua kabureta juu chini, chomeka mpira safi kwenye njia ya mafuta, upulize kwa mdomo. Pumzi isipite hata kidogo. Ikipita, futa kiti cha sindano, pale ncha yake inapokaa, kwa kijiti chenye pamba, ujaribu tena. Hata ikishika, usimkabidhi mtu pikipiki hapohapo. Iweke nje, mbali na jiko na sigara, fungua koki ya tangi saa mbili nzima, injini imezimwa. Kisha chomoa kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli, boya halijafunga na mafuta yameteremka mpaka kwenye injini. Mwaga oili yote, na kabureta irudi mezani.