Gari Kuukuu la Marekani Barabarani: Maswali Yenu

*Shikamoo fundi. Marehemu babu alituachia Chevrolet Impala ya miaka ya sitini, usukani uko kulia. Jirani anadai si ya Marekani halisi, eti Wamarekani hukaa kushoto. Ni kweli? – Section 58, Nakuru*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba. Jirani amekosea. Kampuni za Marekani ziliuza magari ya usukani wa kulia katika nchi zinazoendesha upande wa kushoto kama yetu. Chevrolet ziliundwa Port Elizabeth, Afrika Kusini, na nyingine Australia, na Ford nyingi za aina hiyo zilitoka Kanada. Tafuta kibati cha chesisi, kitakuonyesha lilikotoka.

Litunze sana. Kanuni zetu haziruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na la usukani wa kushoto kwa kawaida halisajiliwi. Yaliyomo nchini ndiyo tuliyo nayo. Maliza kwanza mambo ya mirathi na kuhamisha logbuku, kabla hujanunua hata plagi moja.

*Nataka kupeleka Ford yangu ya 1957 kwenye maonyesho ya magari ya Concours, Nairobi. Wenzangu wananishauri niibebe kwa lori kwa sababu ya milima. Wewe ungefanyaje? – Kisumu*

Ningeiendesha, ndugu yangu. Africa Concours d'Elegance imekuwapo tangu 1971, huandaliwa Ngong Racecourse, kwa kawaida Jumapili ya mwisho ya Septemba, na raha yake kwetu sisi wa huku huanzia njiani. Ukisimama kujaza mafuta Kericho, wazee watakuja kukusimulia gari kama lako walilolijua ujanani. Juu ya lori hutapata hadithi hizo.

Lakini uanze na breki. Hadi 1967 magari mengi ya Marekani yalikuwa na saketi moja tu ya breki: bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne yanabaki bila breki. Badilisha mabomba ya mpira hata kama yanaonekana mazima. Mwaga mafuta ya breki yote na utie mapya, kwa sababu ya zamani hunyonya unyevu na huchemka mapema yakipata moto.

Ondoka Kisumu kabla ya mapambazuko, uvuke tambarare ya Ahero na Awasi kungali na baridi. Joto likikukuta mlimani, petroli inaweza kuchemka ndani ya bomba kabla haijafika kwenye kabureta, kifaa kinachoichanganya na hewa. Injini itakohoa na kuzima ilhali tanki limejaa. Usiimalize betri kwa kupiga stata. Fungua boneti, funga kitambaa chenye maji kwenye pampu ya mafuta na bomba lake, usubiri. Dawa ya kudumu ni kulisogeza bomba hilo mbali na ekzosi.

Sababu nyingine ya kuwahi ni mvua ya Kericho, ambayo hupenda kunyesha alasiri. Waipa za magari mengi ya enzi hiyo huendeshwa na mvuto wa hewa wa injini. Ukikanyaga mafuta kupanda mlima, mvuto unapungua na waipa zinalegea, wakati ule ule unaozihitaji. Ukinyeshewa, achia mafuta kidogo, zitaamka.

Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na Mau Summit imepita 2,400. Huko juu hewa ni nyepesi, kabureta inatia petroli nyingi mno kwa hewa iliyopo, na utapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu. Moshi mweusi kidogo usikutishe.

Ninapoogopa mimi ni kuteremka kutoka Mau Summit kupitia Sachangwan hadi Salgaa. Breki za drum zikishika moto hukosa nguvu, na giaboksi ya otomatiki yenye gia mbili au tatu haisaidii sana kuzuia mwendo. Tia gia ya chini ukiwa bado kileleni. Kanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi halafu uachie zipoe, usizishikilie njia nzima. Mpishe kila lori linalokufuata, hata ikibidi usimame kando mara kadhaa.

*Petroli isiyo na risasi itaua injini yangu ya V8 ya 1962? – Kakamega*

Si mara moja. Risasi ilikinga viti vya vali, yaani pale vali zinapokaa zikijifunga, na injini nyingi za kabla ya miaka ya sabini hazina viti vilivyoimarishwa. Ukienda polepole itadumu. Siku ya kufungua kichwa cha injini, mwambie fundi aweke viti vigumu, suala liishe.

*Je, gari la Marekani liliwahi kushiriki Safari Rally? – Kericho*

Ndiyo, na wewe wa Kericho una haki ya kujivuna. Mwaka 1964 timu ya Mercury Comet ililetwa kushindana, na mmoja wa madereva alikuwa Joginder Singh, mzaliwa wa mji wako. Matope yaliangusha nyingi, ila yeye alimaliza. Mwaka uliofuata alishinda kwa Volvo PV544.

*Habari fundi. Mimi ni msichana wa chuo, sina gari, lakini nayapenda haya makubwa ya zamani. Naona haya kuwakaribia wenyewe. – Kisumu*

Njoo tu, binti yangu. Salimia kwanza, usiguse rangi, usiegemee mlango. Kisha uliza kuhusu injini, si bei. Wengi wetu tunatamani sana kijana wa kumwachia ujuzi huu.

Usingoje maonyesho pia. Nenda kwa mafundi wa jua kali pale Kibuye, utazame gasket, ile karatasi ya kuziba maungio ya injini, ikitengenezwa: karatasi nene inalazwa juu ya chuma, na nyundo yenye kichwa cha mviringo inagongwa taratibu kufuata ukingo mpaka karatasi ijikate yenyewe, tundu kwa tundu. Fundi akiwa hana haraka, mwombe akufundishe kupima nafasi ya platini, ile swichi ndogo inayoleta cheche za plagi, takriban milimita 0.4 kwa V8 nyingi. Wenye magari wakijua unaiweza kazi hiyo, watakutafuta wao uwasindikize Nairobi.