Njia ya meli kwenye barafu itashusha nauli ya gari langu?

SWALI: Mhariri habari ya kazi. Mimi naagiza magari ya mtumba Japani, yanashuka Mombasa, yanavuka mpaka wa Kenya na Uganda pale Malaba hadi bondi (yadi ya magari yasiyolipiwa ushuru bado) hapa Nakawa. Mwenzangu kaniambia barafu ya kaskazini inayeyuka na Warusi wana njia fupi ya meli huko, kwa hiyo niache kuagiza kwanza mpaka nauli ishuke. Ni kweli?
Msomaji, Kampala

JIBU: Ndugu yangu, usisubiri. Njia yenyewe ipo, hajakudanganya, inapita pwani ya Siberia mpaka mlango wa bahari wa Bering, na meli ikitoka Rotterdam kwenda Yokohama, Japani, kwa mfereji wa Suez ni kama maili 11,000 za baharini lakini huko juu ni kama 7,300, yaani theluthi nzima imekatwa. Ila gari lako halitoki Ulaya! Linatoka Japani, linapita Singapore, linakata Bahari ya Hindi moja kwa moja mpaka Mombasa, Suez yenyewe hailioni, sasa kaskazini litaenda kufanya nini?

Halafu bandari za huko siyo kama Mombasa. Murmansk, bandari ya Urusi, haigandi kwa sababu mkondo wa maji ya moto kutoka Atlantiki unafika pale, lakini ukienda mashariki zaidi bahari inaganda miezi mingi, meli inafuata nyuma ya meli ya nyuklia inayovunja barafu. Bandari ya Sabetta huko Siberia ilianza kupakia gesi Desemba 2017, na mzigo mkubwa wa njia ile mpaka leo ni huo huo, gesi, mafuta na madini ya Urusi. Makontena bado ni machache sana. Maersk, kampuni kubwa ya meli za makontena, walipitisha meli moja 2018, Venta Maersk, wakasema ni majaribio tu. Meli ya kontena ni kama taksi (matatu) ya Kampala kwenda Malaba, inaishi kwa kushusha na kupakia Mukono, Jinja, Iganga, sasa pwani tupu ya barafu nani atapanda?

Kinachotugusa sisi ni Bahari ya Shamu, ambako meli hupita kwenda Suez. Tangu mwisho wa 2023 meli zilipoanza kushambuliwa pale, nyingi zikazunguka Afrika Kusini, na kahawa yetu ya kwenda Ulaya ndiyo njia yake ile, safari ikarefuka, meli na makontena yakakwama baharini siku nyingi, nauli ikapanda hata kwenye njia zisizohusika. Mkulima wa Masaka analipia vita asiyoijua, hili linaniuma sana. Kwa hiyo ukitaka kujua nauli inaelekea wapi, fuatilia habari za huko, za barafu waachie wenyewe.

Na angalia mwaka wa gari unalolitaka. Sheria ya Uganda ya 2018 hairuhusu kuingiza gari lililofika miaka 15, kwa hiyo kama lina 14 sasa hivi halafu unasubiri nauli ishuke, litakufia mikononi kabla halijapanda meli.